Ile Filimbi ya Bendi ya Panki ni Aina Gani Hasa?

Wadau wa panki ya Kikelti, ule muziki unaochanganya magitaa ya umeme na nyimbo za kilabuni za Ayalandi, wana ubishi usioisha. Yule mpiga filimbi wa bendi iliyozaliwa London mwaka 1982 anapuliza filimbi gani? Majina tuyaache, wanaomjua wanamjua. Ni yule aliyekuwa akijigonga kichwani kwa sinia la bia jukwaani, eti nayo ni ngoma. Wengi wanaamini lazima ni chombo cha bei mbaya, kazi ya mikono ya fundi fulani wa siri. Mimi nasema historia inatupeleka kwingine kabisa.

Mwaka 1843 huko Coney Weston, kijiji cha Suffolk, Uingereza, Robert Clarke alianza kutengeneza filimbi za bati, kisha akahamia Manchester, mji wa viwanda. Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Karatasi ya bati inakunjwa iwe bomba linalopungua upana kwenda chini, inatobolewa matundu sita, na mdomoni kinachomekwa kipande cha mti. Basi. Ilikuwa rahisi kiasi kwamba mpaka leo watu wanaiita filimbi ya peni, na vibarua wa Kiairishi wakaipenda kwa sababu inaingia mfukoni na haihitaji mwalimu. Unafuu huohuo ndio uliofanya vijana wa Johannesburg miaka ya 1950 wapige kwela kando ya barabara kwa filimbi kama hizi, mpaka wimbo wao mmoja, "Tom Hark", ukapanda chati za Uingereza mwaka 1958.

Baadaye zikaja za Generation: bomba lililonyooka, la shaba ya njano au lenye rangi ya fedha, na kichwa cha plastiki chekundu au cha buluu. Waairishi nao wana Feadóg yao, ambayo mara nyingi kichwa chake ni cha kijani. Hizi ndizo zilizojaa mikononi mwa wapigaji wa kawaida.

Sasa ukitaka kuitambua kwenye picha au video, anza na umbo, rangi itafuata. Ikiwa imechongoka kuelekea chini, fikiria Clarke au ndugu zake. Ikiwa imenyooka na kichwa ni plastiki, uko upande wa Generation na Feadóg. Ikiwa nyeusi yote na ni plastiki tupu, inaweza kuwa Susato ya Marekani, ambayo ina sauti kali kwelikweli. Halafu angalia urefu. Ya kawaida ya D ni kama sentimita 30 hivi. Ukiona bomba la alumini la karibu sentimita 60, hiyo ni filimbi nzito, ukoo ulioanza miaka ya mwanzo ya 1970 pale fundi Mwingereza Bernard Overton alipomtengenezea Finbar Furey. Hapo hata sauti itakuambia, maana inalia chini na kwa huzuni.

Rangi ya kichwa isikudanganye. Kichwa cha plastiki kinachomoka, na wapigaji hubadilishana vichwa kama watu wanavyobadilishana kava za simu. Tena filimbi moja haitoshi kwa nyimbo zote, kila moja ina ufunguo wake, ndiyo maana wapigaji hutembea na fungu zima. Aliyoshika jukwaani inaweza isiwe aliyorekodia studio.

Kuna wanaouliza, kitu kidogo hivyo kinasikikaje kwenye fujo ya ngoma na magitaa? Sauti ya chini kabisa ya filimbi ya D ni kama hezi 587, na oktava yake ya pili inapanda hadi kama 2,350. Inapita juu ya mwimbaji, juu ya gitaa kubwa, inakatiza kama mluzi wa kondakta stendi. Haihitaji ubora wa ajabu, inahitaji maikrofoni tu.

Lakini kilichonifanya niandike haya ni London yenyewe ya wakati ule. Baada ya mabomu ya Birmingham ya Novemba 1974, bunge lilipitisha haraka sheria ya kuzuia ugaidi, na lafudhi ya Kiairishi ikawa sababu ya kusimamishwa na kuhojiwa bandarini. Mwimbaji wa bendi hii alizaliwa Uingereza kwa wazazi wa Kiairishi. Kumweka mtu pembeni yake na filimbi ya bati, mbele ya vijana wa panki wa London, haikuwa mapambo. Ilikuwa ni kupeleka jukwaani kile ambacho wazee wao walikipiga kimyakimya sebuleni.

Kwa hiyo nikiambiwa niweke dau, ninaweka kwenye ile ya bomba lililonyooka, kichwa cha plastiki, ufunguo wa D, ya dukani. Anayebisha alete picha, na ioneshe bomba lote, isiwe kichwa peke yake.