Debe na Kibuyu katika Kona ya Mtoto: Vyombo vya Arua na Koboko

Neno debe lilivuka bahari kutoka Bara Hindi, likaingia madukani, kisha likasafiri na askari na vibarua hata likafika nchi ya Nile Magharibi. Huko Waingereza waliweka boma la Arua mwaka 1914, nchi hiyo ilipotolewa katika utawala wa Sudani na kutiwa katika Uganda. Debe lenyewe lilikuwa chombo cha bati cha kuletea mafuta ya taa, chenye ujazo wa galoni 4, yaani lita 18 hivi. Sisi walimu twalifundisha kama kipimo cha nafaka, na hapo twaliacha. Yafaa tulitazame pia kama samani ya mtoto mchanga.

Kabla ya bati kulikuwa na kibuyu. Nyumba ya msonge ya Mlugbara au Mkakwa haikuwa na chumba cha mtoto. Mtoto alilala na mama yake, na vitu vyake vikawekwa pembeni au kuning'inizwa kwenye paa mbali na mchwa na panya. (Wasemao kwamba chumba cha mtoto ni jambo la kigeni husahau kwamba kona nayo ni chumba.) Kibuyu kilichovunjika shingo hakikutupwa: kilikatwa kikawa bakuli. Kilichopasuka kilitobolewa matundu kandokando ya ufa kikashonwa kwa uzi, na mshono huo, ukishonwa na mkono hodari, ulikuwa pambo. Tena katika nchi za kaskazini ya Uganda nusu ya kibuyu kikubwa hufunikwa juu ya mtoto aliyebebwa mgongoni, impe kivuli. Wafikapo nyumbani nusu hiyo hupinduliwa, ikawa chombo cha kuwekea nguo zake. Twaona basi kwamba ustadi wa kukipa chombo kazi ya pili haukuletwa na bati.

Bati liliongeza nguvu na pembe nne. Wanaume waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Buganda na Busoga, na wale walioingia jeshini, walirudi na masanduku, mablanketi na Kiswahili cha kambini. Debe lilikatwa mdomo, ukingo wake ukakunjwa kwa ndani na kugongwa nyundo usije ukamkata mtoto. Likasuguliwa kwa majivu na maji ya moto hata harufu ya mafuta ikatoka. Aliyependa urembo alilivika kipande cha kitenge kilichobaki kwa mshonaji, akakigandisha kwa uji mzito wa unga wa muhogo, zao ambalo halikosekani huko.

Mwezi wa Oktoba 1980 vita viliingia Koboko na Arua. Askari wa serikali iliyoangushwa mwaka 1979 walishambulia kutoka ng'ambo ya mpaka, na jeshi la serikali mpya likalipiza kisasi kwa raia. Watu kwa maelfu walikimbilia Sudani na Zaire ya wakati ule. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuchukua kabati. Huchukua chombo kimoja chepesi chenye mdomo mpana. Waama, hapo ndipo tunapoona kwa nini samani ya namna hii isiitwe samani ya umaskini. Ilikuwa samani inayohamika.

Miaka michache baadaye mkondo uligeuka. Mnamo 1993 Wasudani walikimbilia Koboko, wakipokewa na watu ambao baadhi yao walikuwa wametoka uhamishoni huko huko Sudani. Makopo ya mafuta ya kupikia ya msaada yalipokwisha yalipasuliwa, yakanyooshwa, yakawa milango na madirisha. Mengine yaliachwa mazima kwa ajili ya sabuni na nepi za mtoto.

Hapa twapenda kuongeza neno, ijapokuwa si la historia. Nile Magharibi ni nchi ya tumbaku, na dawa za kuulia wadudu huja katika vyombo vizuri sana. Chombo cha dawa hiyo hakioshwi kikatakata. Kisiingie nyumbani kamwe, hata kiwe na rangi ya kuvutia namna gani.

Siku hizi anayetawala ni jerikani. Jina hili lina kumbukumbu ya vita kuu ya pili: askari wa Uingereza walizoea kumwita Mjerumani "Jerry", wakaiga kopo lake la petroli na kulipa jina hilo. Lile lilikuwa la chuma. La leo ni la plastiki, mara nyingi la njano, la lita 20, na likikatwa ubavuni huwa beseni la kumwogeshea mtoto au kitanda cha nguo zake. Chombo hiki kilichokatwa hakijapata jina lake katika Kiswahili. Wanafunzi wetu tulipowauliza walisema "jerikani", wakafikiri kidogo, mmoja akasema "nusu jeri". Tumeliandika ubaoni na kuliacha hapo.