Nyegere Alipofukuzwa Louisiana

Haya jamani, nimerudi. Kimya cha wiki tatu kilikuwa cha majaribio pamoja na ile insha ya historia niliyowalalamikia mara ya mwisho. Swali lenyewe fupi tu: mtu mmoja ana uzito gani katika historia? Wenzangu wakakimbilia Napoleon, wengine Mwalimu Nyerere. Mimi nikaandika kuhusu nyegere. Mhadhiri wetu akavua miwani, akaniuliza kama nipo siriasi. Nikamjibu nipo siriasi kabisa.

Mnajua mimi ni mtu wa Sikonge, Tabora, kwa warina asali. Nyegere namfahamu. Kamnyama kadogo, ngozi ngumu, kanavunja mzinga huku nyuki wanakauma na wala hakajali. Sasa huko Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, yaani LSU, palikuwa na beki aliyepewa jina hilohilo kwa lugha yao. Anaitwa Tyrann Mathieu, jezi namba 7, mzaliwa wa New Orleans. Mpira wenyewe si huu wetu, ni ule wa Kimarekani wa kushika mikononi na kuvaa helmeti, 11 kwa 11. Kundi moja linashambulia, kundi jingine linazuia, halafu kuna vikosi vya kupiga na kupokea mipira ya mguu. Katika watu wenye miraba minne, yeye alikuwa na futi 5 na inchi 9 tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kupokonya.

Msimu wa 2011 alifanya maajabu. Mara 6 alimfanya mpinzani audondoshe mpira, mara 5 aliuokota mwenyewe, na ingawa ni beki alifunga mara 4. Mechi ya kwanza dhidi ya Oregon alimpokonya mtu mpira na kuingia nao golini. Novemba, wakicheza na Arkansas, LSU walikuwa nyuma 14-0. Mathieu akapokea mpira uliopigwa kwa mguu, akakimbia yadi 92 hadi mwisho, ngoma ikawa 14-14. Wakashinda 41-17. Wiki iliyofuata, Desemba 3, fainali ya kanda yao ya SEC kule Atlanta, Georgia wanaongoza 10-0 na washambuliaji wa LSU hawaendi mbele hata kidogo. Nani akaja? Nyegere. Yadi 62, akafunga. Mwisho 42-10, na mchezaji bora wa mechi ni yeye. Mwaka huo alipata tuzo ya Chuck Bednarik ya mchezaji bora wa kuzuia nchi nzima, na akawa mmoja wa watano walioalikwa New York kwenye tuzo ya Heisman, ambayo mabeki huwa wanaisikia kwenye redio tu.

LSU walishinda mechi 13 mfululizo. Wakapoteza moja tu, ile ya ubingwa wa taifa, Januari 9, 2012, mbele ya Alabama, 21-0. Tena ilichezwa New Orleans, nyumbani kwao Mathieu. Hapo nikawaandikia wale wanaoabudu mashujaa: nyota alikuwepo siku hiyo, na timu haikupata hata pointi moja.

Halafu ikaja Agosti 10, 2012. Zikiwa zimebaki wiki tatu msimu uanze, kocha Les Miles akatangaza kwamba Mathieu ameondolewa kwenye timu kwa kuvunja kanuni. Chanzo, kama ilivyokuja kujulikana, ni bangi na vipimo. Oktoba 2011 alikuwa amesimamishwa mechi moja, yeye na wenzake wawili, na LSU wakaipiga Auburn 45-10 bila wao. Naomba muikumbuke hiyo 45-10, nitairudia.

Sasa, pengo lilikuwa na ukubwa gani? Nilikaa na kikokotoo usiku mzima, mwenzangu wa chumbani analalamika taa. Msimu wa 2011 LSU waliruhusu pointi 158 katika mechi 14, wastani wa 11.3. Msimu wa 2012 waliruhusu 228 katika mechi 13, wastani wa 17.5. Ni pointi 6 zaidi kila mechi. Ukiishia hapo utasema, si unaona, nyegere kaondoka, nyuki wametawala.

Lakini historia haiendi hivyo. Kwanza, hakuondoka peke yake. Morris Claiborne, beki wa upande wa pili, alikuwa ameshakwenda NFL, chaguo la 6, na Michael Brockers wa mstari wa mbele chaguo la 14. Pili, nafasi zilizibwa. Jalen Mills, mwaka wa kwanza kabisa chuoni, akaanza mechi zote 13. Kupokea mipira ya mguu akapewa kijana anaitwa Odell Beckham Jr., naye akafunga mara mbili kwa njia hiyo. Tatu, beki hiyohiyo isiyo na Mathieu ilikwenda Texas A&M ikamnyakua Johnny Manziel pasi 3 na kushinda 24-19, na Manziel ndiye aliyebeba Heisman mwaka huo. Kwa hiyo timu haikufa. Walishinda 10, wakapoteza 3.

Sasa ziangalieni hizo tatu. Florida 14-6. Alabama 21-17. Clemson 25-24. Jumlisha tofauti zote: 8, 4 na 1. Pointi 13 msimu mzima! Ile ya Alabama inauma zaidi. LSU wanaongoza 17-14, imebaki dakika moja na nusu, Alabama wanatoka yadi 72 mbali. Mchezo wa 5 tu, zimebaki sekunde 51, T.J. Yeldon yuko ndani. Alabama wakaenda kuwa mabingwa wa taifa. Clemson nao walishinda kwa mpira wa mguu wa mwisho kabisa wa mechi.

Hoja yangu kwenye insha ikawa hii. Beki nyota akiondoka, timu nzuri haibomoki. Kinachopotea ni ile mechi mbaya ambayo mtu mmoja anaigeuza. Mwaka 2011 wakiwa nyuma 14-0 na 10-0 palikuwa na mtu wa kupokonya. Mwaka 2012 palikuwa na mabeki wazuri wa kuzuia, ila wapinzani walibeba mpira bila ile hofu ya kuangalia nyuma. Hofu haiandikwi kwenye takwimu, lakini mchezaji mwenye hofu anaudondosha mpira. Siwezi kuthibitisha kwamba yeye angeokoa zile pointi 13. Nasema tu kwamba zilikuwa za saizi yake.

Ile 45-10 je? Ndiyo iliyodanganya watu. Ukimkosa mtu mechi moja na ukashinda kwa pointi 35, unadhani hakuna tatizo, si la timu wala la kijana mwenyewe.

Hapo ndipo kalamu ikanigomea, na hili sikuliandika kwenye insha, naliandika hapa. Mnamkumbuka yule namba 5 wa timu ya bweni letu niliyewahi kuwasimulia? Alidisko mwaka jana. Wiki aliyofungasha begi, swali lililozunguka bwenini lilikuwa moja: nani atacheza namba 5? Jumamosi yake tukashinda 3-0, tukashangilia hadi usiku. Hakuna aliyeuliza jamaa kafika wapi. Hata mimi niliyemsaidia kubeba godoro hadi stendi.

Mathieu aliingia kwenye tiba, akarudi darasani LSU kama mwanafunzi wa kawaida, anaangalia wenzake wakicheza. Aprili 2013 Arizona wakamchukua raundi ya 3, chaguo la 69. Februari 2020 akatwaa Super Bowl na Kansas City, na alistaafu 2025. Yeye alipata watu wa kumpigia simu.

Basi juzi nami nikapiga. Jamaa yupo kwao, anauza duka la mjomba wake. Mwanzoni alinijibu kama mtu anayejibu mteja. Nikamwambia dirisha la kuomba upya linafunguliwa karibuni na fomu nitamchukulia mimi. Akanyamaza weee, halafu akauliza, "Namba 5 anacheza nani siku hizi?" Nikamwambia anacheza dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, mzuri tu, ila tukifungwa goli la kwanza hatujui kurudi.

Akacheka. Fomu nimeshaichukua. Insha nimepata B+, mhadhiri kaandika pembeni nipunguze wanyama. Tuonane wiki ijayo, boom likitoka.