Nani Alishika Mlango wa Ziwa Kivu?

Mapadri Weupe walipofungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903, kimo cha maji ya Ziwa Kivu kiliamuliwa na mvua, jua na miamba iliyopo pale Mto Ruzizi unapoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga bwawa Mururu, karibu na Cyangugu, na ziwa zima likawa tangi.

Ni tangi kubwa mno. Eneo lake ni takriban kilometa za mraba 2,400. Likishuka sentimeta moja tu, zimeondoka mita za ujazo zipatazo milioni 24. Huenda ndiyo maana wengi hudhani halipungui.

Mwaka 1983 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda shirika la SINELAC, na mwaka 1989 kituo cha pili kikaanza kazi chini zaidi mtoni. Hata hivyo mlango wa ziwa ulibaki Mururu, mikononi mwa shirika la umeme la nchi moja. Kituo cha pili kilipokea kilichoachiliwa.

Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulifichua kasoro hiyo. Mvua ilipungua, mahitaji ya umeme yakazidi, mitambo ikanywa kuliko ziwa lilivyojazwa. Maziwa ya Burera na Ruhondo, kaskazini, nayo yalishuka. Rwanda ikakodi jenereta za dizeli, na bei ya umeme ikapanda zaidi ya mara mbili: mwananchi akalipia maji ambayo hakuulizwa yafunguliwe lini.

Mamlaka ya pamoja ya bonde hilo, ABAKIR, ilianza katika miaka ya 2010, zaidi ya nusu karne tangu ziwa liwekewe mlango.