Utazamaji wa nyangumi, Mirissa

Mirissa ni mji mdogo wa wavuvi kwenye pwani ya kusini ya Sri Lanka, katika wilaya ya Matara, kiasi cha kilomita 150 kutoka Colombo kwa barabara. Asubuhi za msimu, mashua za watazamaji hung'oa nanga katika bandari yake ya uvuvi kwenda kuwatafuta nyangumi, na zaidi ya wote nyangumi buluu, mnyama mkubwa kuliko wote wanaojulikana kuwahi kuishi duniani. Ni pahala pachache mno ambapo kiumbe huyu huonekana karibu na nchi kavu kiasi hiki, tena mara kwa mara.

Sababu yake iko chini ya maji. Karibu na Rasi ya Dondra, ncha ya kusini kabisa ya kisiwa, sakafu ya bahari haitandai kwenda mbali. Huporomoka ghafla kutoka makumi ya mita hadi zaidi ya mita 1,000. Kwenye mporomoko huo maji baridi yenye rutuba hupanda juu na kulisha viumbe vidogo, na nyangumi huja kula. Nyangumi buluu wa bahari nyingine hutegemea krili wa maji baridi. Wa Sri Lanka, kwa mujibu wa uchunguzi wa vinasaba vya kinyesi chao uliochapishwa 2018, hula zaidi uduvi. Hawafungi safari ndefu kwenda ncha ya dunia kutafuta chakula, bali hubaki katika maji ya joto ya kaskazini mwa Bahari ya Hindi mwaka mzima. Ni wafupi kidogo kuliko ndugu zao wa Antaktiki wanaokaribia mita 30, lakini hata hao wafupi huzidi mita 20, na mashua nyingi za Mirissa hazifiki urefu huo.

Msimu

Msomaji wa pwani yetu ataelewa kalenda ya Mirissa bila kufundishwa, kwa kuwa pepo ni zilezile. Wakati wa kaskazi, kisiwa chenyewe huikinga pwani ya kusini na bahari hutulia. Safari hufanyika kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kusi inapoanza kuvuma mwezi Mei, mawimbi huinuka na mashua nyingi husimama. Hapo utazamaji huhamia Trincomalee, upande wa mashariki.

Safari yenyewe

Abiria hufika bandarini kabla ya jua kuchomoza vizuri, kwa kawaida saa kumi na mbili asubuhi. Majina huandikwa, kila mtu hupewa jaketi la kuokolea, na watu huketi huku jirani zao gatini, mashua za uvuvi zinazokaa baharini siku nyingi, zikishusha jodari na barafu. Harufu ya samaki na dizeli ni sehemu ya safari, na ni vyema ibaki hivyo: bandari hii ni ya wavuvi kwanza, wageni baadaye. Baadhi ya manahodha wa watalii walikuwa wavuvi, na wao ndio wanaojua mkondo umelala wapi leo.

Mwendo wa kwenda huweza kuchukua saa nzima au zaidi, na safari yote saa tatu hadi tano. Mara nyingi pomboo ndio hutangulia, makundi makubwa yakiruka na kujizungusha hewani mbele ya omo. Kisha hufuata kungoja. Mabaharia husimama juu wakitazama upeo, na wanachotafuta ni pumzi: mvuke unaorushwa wima hadi kiasi cha mita 9, unaoonekana kutoka mbali sana bahari ikiwa shwari. Nyangumi huvuta pumzi mara kadhaa akiwa karibu na uso wa maji, mgongo wake wa kijivu cha samawati ukipita polepole kwa muda unaoonekana hauishi, ndipo pezi dogo la nyuma hujitokeza. Anapojipinda kwa ajili ya kuzama kwa kina, nyangumi wa huku aghalabu huinua mkia wote juu ya maji, jambo ambalo nyangumi buluu wa bahari nyingine hulifanya kwa nadra zaidi. Baada ya hapo hutoweka kwa kiasi cha dakika 10. Anayejua kungoja dakika hizo bila kumhimiza nahodha ndiye atakayefaidi safari.

Mara nyingine huachwa juu ya maji wingu jekundu. Hicho ni kinyesi, na watafiti hukithamini sana, maana ndicho kinachoeleza mnyama amekula nini. Mabaka ya ngozi nayo hupigwa picha ili kumtambua kila mmoja peke yake. Kashaloti, yule nyangumi mwenye meno na kichwa kikubwa cha mraba, huonekana pia, ila si kila siku.

Wengi huchafukwa na moyo, kwa sababu mashua ikizima injini hubaki ikiyumba mbavu kwa mbavu. Dawa inywewe kabla ya kuondoka, si baada ya kuanza kutapika. Kukaa chini karibu na tezi na kukazia macho upeo kunasaidia.

Historia

Katika miaka ya 1960 meli za uvuvi wa nyangumi za Muungano wa Kisovyeti ziliua kwa siri takribani nyangumi buluu 1,300 kaskazini mwa Bahari ya Hindi. Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi, kwa pendekezo la Shelisheli, ilitangaza Bahari ya Hindi kuwa hifadhi isiyoruhusu uvuvi wa nyangumi wa kibiashara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliokuwa katika chombo cha matanga kiitwacho Tulip walifanya kazi karibu na Trincomalee, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1983 viliifunga bahari hiyo kwa muda mrefu. Mirissa ilistawi hasa baada ya vita kwisha Mei 2009. Mwanasayansi wa Sri Lanka, Asha de Vos, aliyeanza kuwachunguza nyangumi hawa kwa mpango maalumu mwaka 2008, ndiye aliyeufahamisha ulimwengu kwamba hawa si wapita njia.

Hatari

Umaarufu umekuja na gharama, na gharama hiyo humwangukia mnyama. Mashua kadhaa zikimzunguka nyangumi mmoja, au ikimkatia njia moja yenye haraka, mnyama huzama kabla hajamaliza kupumua. Kanuni za Sri Lanka za mwaka 2012 zinataka mashua ikae umbali wa mita 100, lakini kanuni hiyo baharini haina nguvu kuliko nahodha anayeishika. Abiria wanaopiga kelele "karibu zaidi" wanashiriki kosa hilo. Ni haki kulisema wazi.

Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ni meli. Njia ya meli inayopita kusini mwa Dondra ni miongoni mwa zenye msongamano mkubwa duniani, nayo inakatiza palepale nyangumi wanapokula. Mwaka 2012 meli ya makontena iliingia bandari ya Colombo ikiwa na mzoga wa nyangumi buluu umenasa kwenye omo yake. Utafiti uliochapishwa 2016 ulikadiria kwamba kuisogeza njia hiyo maili 15 za baharini kuelekea kusini kungepunguza hatari ya kugongana kwa takribani asilimia 95. Mwaka 2022 kampuni ya usafirishaji ya MSC ilianza kuzipitisha meli zake kusini zaidi. Umbali wa maili 15 si kitu kwa meli inayotoka Singapore kwenda Suez, na kila kampuni inaweza kuamua hivyo.

Hifadhi ya 1979 inafika hadi pwani ya Afrika Mashariki, ambako nyangumi nundu hupanda kutoka Antaktiki wakati wa kusi kuja kuzaa. Watamu, nchini Kenya, mashua hutoka kuwatazama kuanzia Julai. Msomaji anayekusudia kupanda, iwe Mirissa au Watamu, amwulize nahodha kabla hajalipa: ukimwona nyangumi unakaa umbali gani, na mashua nyingine zikiwa zimeshamzunguka unafanyaje? Akikosa jibu, tafuta mashua nyingine.