Gharama ya Ubalozi Mdogo: Profesa Grewe, Bonn na Zanzibar



Jioni moja kwenye baraza yetu hapa Al Warqa, kijana mmoja aliyekuwa ametoka kushughulikia pasipoti yake aliuliza: kwa nini Abu Dhabi tuna ubalozi na Dubai tuna ubalozi mdogo? Kuna tofauti gani, ikiwa bendera ni ile ile? Mzee mmoja akacheka, akamwambia: "Mwanangu, neno hilo 'mdogo' liliwahi kuigharimu nchi yetu ndege za jeshi." Vijana walidhani anatania. Hakuwa akitania, na ndiyo maana tumeona tuandike kisa hiki.

Kisa kinaanza na msomi wa Kijerumani. Wilhelm Grewe alizaliwa Hamburg mwaka 1911, mji ule ule alikoishi na kuzikwa Bibi Salme, binti wa Seyyid Said. Alisomea sheria, akawa profesa wa sheria za kimataifa, na baada ya vita alifundisha Freiburg. Ujerumani ilipogawanyika mwaka 1949, serikali ya Magharibi mjini Bonn ilihitaji watu wa kalamu kuliko watu wa bunduki. Grewe akaitwa. Alisimamia mazungumzo ya kuondoa utawala wa mataifa yaliyoshinda vita, kisha akawa mkuu wa idara ya siasa katika wizara ya mambo ya nje.

Mwaka 1955 Kansela Adenauer alikwenda Moscow, akakubali kufungua uhusiano na Urusi ya Kisovieti. Hapo likazuka tatizo. Moscow tayari ilikuwa na balozi wa Ujerumani Mashariki. Ikiwa mabalozi wawili wa Kijerumani wanaweza kukaa mji mmoja, kitu gani kitazuia nchi nyingine kufanya hivyo? Dawa aliyoitunga Grewe, na ambayo aliieleza hadharani Desemba mwaka huo, ilikuwa hii: Bonn peke yake ndiyo inayowasemea Wajerumani wote, na nchi yoyote, isipokuwa Urusi, itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa kuwa imefanya uadui. Adhabu yake ilifika hadi kukatwa uhusiano. Kanuni ikapewa jina la mkubwa wake wizarani, Walter Hallstein, naye pia profesa wa sheria, ambaye mwaka 1958 alikuwa rais wa kwanza wa Kamisheni ya Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Kalamu ilikuwa ya Grewe, jina likawa la Hallstein.

Kanuni hiyo iliikuta Yugoslavia mwaka 1957 na Cuba mwaka 1963. Mwaka uliofuata ilifika kwetu.

Januari 1964 yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Wasomaji wetu wengi hapa Ghuba hawahitaji kusimuliwa mwaka huo, kwani ndio uliowatoa wazee wao Unguja na Pemba. Serikali mpya ya Mzee Karume iliitambua Ujerumani Mashariki mwezi ule ule, na ubalozi wake ukafunguliwa mjini Zanzibar. Kwa Berlin Mashariki, iliyokuwa ikibisha hodi Afrika nzima bila kufunguliwa mlango, hii ilikuwa sherehe. Haukupita muda, wahandisi wake wakaanza kujenga nyumba za ghorofa Kilimani na Kikwajuni.

Tarehe 26 Aprili 1964 Zanzibar na Tanganyika zikaungana, na Mwalimu Nyerere akajikuta na nyumba moja yenye wageni wawili wasiosalimiana. Dar es Salaam palikuwa na balozi wa Bonn, ambaye serikali yake ilikuwa ikisaidia kuanzisha kikosi cha anga na kufundisha wanamaji. Zanzibar palikuwa na balozi wa Berlin Mashariki. Bonn ilitaka wa pili aondoke. Karume hakukubali kuwafukuza rafiki zake. Mazungumzo yakaendelea kwa miezi.

Februari 1965 Mwalimu alitoa suluhu. Ubalozi wa Zanzibar ufungwe, na badala yake Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, bila ya kutambuliwa rasmi kama dola. Hapa ndipo swali la kijana wetu linapopata jibu. Ubalozi ni uso wa dola mbele ya dola nyingine. Ubalozi mdogo hushughulika zaidi na raia, hati na biashara, na nchi inaweza kuuruhusu bila kutamka kwamba imeitambua serikali iliyoutuma. Mwalimu aliona amewaachia Bonn sehemu kubwa ya walichotaka.

Bonn haikuona hivyo. Iliondoa kwa ghafla wakufunzi wake wa kijeshi. Mwalimu naye akajibu kwamba kama msaada ni kamba ya kumfunga mtu, basi wauchukue wote, na akaitaka Bonn isimamishe misaada ya serikali yake iliyobaki. Uhusiano wa kibalozi haukukatika, ila fedha zilikwenda. Kazi ya kikosi cha anga ikachukuliwa na Wakanada. Desemba mwaka huo huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Mtu akisoma Azimio la Arusha la Februari 1967 na habari zake za kujitegemea, akumbuke hesabu za mwaka 1965.

Na kanuni yenyewe? Mwezi ule ule wa Februari 1965 Misri ilimpokea kiongozi wa Ujerumani Mashariki, Walter Ulbricht. Bonn ikakasirika, ikafungua uhusiano na Israel, na nchi kumi za Kiarabu zikaikatia Bonn uhusiano. Fimbo ikamrudia mwenyewe. Kufikia 1969 ilikuwa haina nguvu tena, mwaka 1972 Wajerumani wawili wakatia saini mkataba wao, na Septemba 1973 wote wakaingia Umoja wa Mataifa. Grewe alikuwa balozi Washington, kisha katika NATO, kisha Tokyo hadi 1976. Alifariki mwaka 2000, miaka kumi baada ya Ujerumani kuwa moja tena.

Tusimalize kwa kumsifu mmoja na kumlaumu mwingine tu. Mwalimu alilinda haki ya nchi maskini kuchagua marafiki, na katika hilo tunamvulia kofia. Lakini msaada wa Mashariki nao haukuwa sadaka. Pamoja na saruji ya Kilimani walikuja washauri wa usalama, na zipo familia, zikiwemo za barazani kwetu, ambazo zinaukumbuka urafiki ule kwa milango iliyogongwa usiku. Wajerumani wawili waligombana juu ya nani atambuliwe. Mwananchi wa Ng'ambo au wa Wete hakuulizwa na Bonn, wala na Berlin, wala na wakubwa wake mwenyewe.

Hilo ndilo tulilomwambia kijana wetu. Pasipoti aliyoipokea kwenye ubalozi mdogo ni karatasi ndogo, lakini maneno yanayoandikwa juu ya mlango wa ofisi ile hupimwa na maprofesa, na gharama yake hulipwa na watu ambao hawakuwa katika chumba cha mazungumzo. Basi tuwasomeshe watoto wetu sheria na mambo ya nje, kama tunavyowasomesha uhandisi na uhasibu, ili siku moja mtu wetu naye awe ndani ya chumba hicho, na asisahau walio nje.

Wabillahi tawfiq.