Moto wa Tumbo Baada ya Kisu

Aliyewahi kuvamiwa na siafu usiku anajua jambo hili: ukimvuta siafu aliyeuma, kiwiliwili hukatika na kichwa hubaki kimeng'ang'ania ngozi. Wapasuaji wa India ya kale waliujua ung'ang'anizi huo wa wadudu, wakautumia mahali ambapo wengi wetu tusingethubutu hata kuwaza. Katika kitabu cha tiba cha Sushruta, kwenye sura ya maradhi ya tumbo, mgonjwa ambaye utumbo wake umetoboka anapasuliwa chini ya kitovu, upande wa kushoto. Utumbo unatolewa nje kiasi cha vidole vinne, unasafishwa, kingo za tundu zinakutanishwa, kisha wanawekwa sisimizi wakubwa weusi waziume kingo hizo. Wakishauma, viwiliwili vinakatwa, vichwa vinabaki vimeshika. Utumbo unapakwa asali na samli, unarudishwa mahali pake, na jeraha la nje linashonwa.

Wasimuliaji wengi huishia kwenye sisimizi. Mimi nilishikwa na mistari inayofuata. Mshono unafunikwa kwa udongo mweusi uliochanganywa na mzizi mtamu uitwao yashtimadhu, kisha unafungwa. Mgonjwa anawekwa kwenye chumba kisichopigwa na upepo, anakalishwa ndani ya chombo cha mafuta, na chakula chake ni maziwa tu. Mwandishi hakuona kazi imekwisha pale uzi ulipofungwa fundo. Kwake yeye, tumbo lililoshonwa lilikuwa bado halijapona, kwa kuwa halijaanza kusaga chakula. Hapo, kwenye siku na wiki zinazofuata kisu, ndipo ayurveda, tiba ya jadi ya India, ilipofikiri kwa kina kuliko mahali pengine popote kuhusu utumbo.

Kitabu cha Sushruta kilikusanywa kwa karne nyingi, tabaka juu ya tabaka. Nakala ya kale iliyohifadhiwa kwenye maktaba ya Kaiser mjini Kathmandu, iliyoandikwa juu ya majani ya mtende, ina tarehe inayolingana na mwaka 878, na mwaka 2013 iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Ni kitabu cha watu wa vitendo: mwanafunzi anaagizwa ajifunze kukata kwa kutumia maboga na matango kabla hajagusa mwili wa mtu. Kitabu cha pili kikubwa, cha Charaka, ni cha matabibu wa dawa na lishe, na kinapofika kwenye jambo la kisu huwaachia wenye fani yao. Lakini kuhusu tumbo Charaka ana sharti ambalo hospitali za leo zingelitambua mara moja. Ugonjwa ukifikia hatua ya kujaribu tiba ya hatari, tabibu awakusanye ndugu, rafiki na mke wa mgonjwa, awaombe ruhusa, na awaambie wazi kwamba matokeo yana shaka.

Charaka ndiye aliyelieleza wazo lililobeba mambo yote haya, wazo la agni, moto wa tumbo. Anayepika kwa kuni atamwelewa bila mkalimani. Moto uliobaki kaa moja haupewi gogo. Unapewa majani makavu, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, vijiti, na polepole unakua mpaka unaweza kuunguza chochote. Ndivyo alivyoufananisha moto wa ndani wa mtu ambaye tumbo lake limesafishwa kwa dawa kali za kutapisha na kuharisha. Ngazi za kumlisha ziliandikwa kwa mpangilio: kwanza uji mwepesi wa mchele, wa kunywa, kisha uji mzito ambao punje ni nyingi kuliko maji, karibu na yale tunayoyaita mashendea, kisha supu ya nafaka za jamii ya kunde, mara nyingi choroko, isiyotiwa kitu, kisha supu hiyohiyo yenye chumvi, samli na viungo, mwisho supu ya nyama. Aliyesafishwa sana alipewa kila ngazi kwa milo mitatu, na aliyesafishwa kidogo mlo mmoja tu. Ngazi hizi zilitungwa kwa ajili ya wagonjwa wa kuharishwa. Vaidya, yaani matabibu wa ayurveda, wa nyakati zetu ndio wanaoziweka mbele ya mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji.

Na mzee je? Sushruta anauweka uzee baada ya miaka 70, Charaka baada ya 60. Wote wawili wanasema umri huo unatawaliwa na vata, nguvu ya upepo: kavu, baridi, nyepesi, isiyotulia, ambayo makao yake makuu ni utumbo mpana. Tumbo kujaa gesi, choo kigumu, usingizi wa kukatikakatika na mwili kukonda vyote vilihesabiwa kwenye mkoba wa vata. Ukiyaacha majina ya Kisanskriti pembeni, hiyo ni picha halisi ya mzee yeyote siku ya tatu baada ya kukatwa utumbo. Sushruta anaonya kwamba watoto na wazee wasichomwe kwa moto, wasiwekewe dawa za magadi, wala wasiharishwe kwa nguvu. Pakiwa na ulazima, itumike njia laini, kidogo kidogo. Kati ya yote niliyoyasoma kwenye vitabu hivi viwili, onyo hili naliona la thamani kuliko mapishi yote.

Subira yao ilikuwa ndefu. Aliyetobolewa tumbo ili kutoa maji yaliyojaa alipangiwa mwaka mzima: miezi 6 ya maziwa, miezi 3 ya uji uliopikwa kwa maziwa, na miezi 3 ya nafaka nyepesi kwa maziwa bila chumvi.

Maarifa haya yalivuka milima na jangwa. Baghdad, zama za Harun al-Rashid, waziri Yahya wa ukoo wa Barmaki alimtaka tabibu wa Kihindi aliyeitwa Manka akifasiri kitabu cha Sushruta. Mwaka 850 hivi, al-Tabari alimalizia kitabu chake cha tiba, Firdaws al-Hikma, kwa muhtasari wa tiba ya Kihindi. Huko Cordoba, al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013, aliandika kuhusu sisimizi wa kufunga jeraha la utumbo, na pia kuhusu uzi unaotengenezwa kwa utumbo wa mnyama.

Kule kule India kisu kilikozaliwa, kisu kilififia. Kupasua tumbo bila dawa ya usingizi na bila kujua vijidudu kulikuwa kumpeleka mtu kaburini mara nyingi kuliko kumrudisha nyumbani, na matabibu wasomi wakazidi kujitenga na kazi ya kugusa damu na maiti. Ukataji ukabaki kwa vinyozi na mafundi wa ukoo, na tumbo halikufunguliwa tena. Mwaka 1836 Madhusudan Gupta, msomi wa ayurveda huko Calcutta, alipopasua maiti mbele ya wanafunzi katika chuo cha tiba cha Waingereza, tendo lake lilihesabiwa kuwa la kuvunja mwiko. Miaka hiyohiyo ndiye aliyesimamia chapa ya kwanza ya kitabu cha Sushruta, ambacho tangu zamani kiliagiza mwanafunzi apasue maiti.

Bakuli halikufifia. Ngazi za uji na supu zilikaa jikoni, mikononi mwa mama na bibi ambao hawakusoma mstari mmoja wa Charaka, na kutoka Kutch na Kathiawar, magharibi mwa India, zilipanda majahazi pamoja na samli, mvuje na bizari mpaka Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam. Mimi nilikutana nazo wodini. Mjomba wangu, mwenye umri wa miaka 74, alikatwa kipande cha utumbo mpana kilichoziba. Siku mbili nzima muuguzi alikuwa akipita na swali moja, "Mzee, umeshatoa hewa?", na mjomba akitikisa kichwa kwa aibu. Jirani yetu, bibi mwenye asili ya Kutch ambaye mtaa mzima tunamwita Ba kama wajukuu zake, akaja na chupa ya chai isiyokuwa na chai. Alikuwa ameosha choroko mpaka maji yakatoka meupe, akazichemsha mpaka zikapasuka, akazichuja kwa kitambaa cha melimeli, akatia chumvi na tangawizi iliyopondwa. Pilipili hakuna, samli hakuna. "Samli ya nini leo?" alisema. "Moto wake bado mdogo." Muuguzi alimpigia daktari kwanza, daktari akakubali, na mjomba akanywa vijiko sita kwa muda wa nusu saa, Ba akimwambia kila mara, "Kidogo kidogo, kaka." Siku ya tatu ndipo alipokaanga chembe ya mvuje kwenye samli na kuimimina juu ya supu. Wodi nzima ilinuka, na hakuna aliyelalamika.

Wakati bakuli likisafiri hivyo, kisu kilizaliwa upya Ulaya. Mwaka 1826 Mfaransa Antoine Lembert alionyesha namna ya kushona utumbo ili nyuso zake za nje zigusane na kushikana, na mshono wa jina lake unatumika hadi leo. Mwaka 1846 ilikuja etha ya kulaza mgonjwa, mwaka 1867 Joseph Lister akachapisha njia yake ya kuua vijidudu kwenye jeraha. Tumbo likafunguka. Lakini kuhusu chakula, wapasuaji wa karne ya 20 walishika woga: mpira puani, dripu mkononi, midomo ikauke mpaka mgonjwa atoe hewa. Waliogopa mshono usije ukaachia.

Utumbo wenyewe una ratiba tofauti na woga huo. Baada ya upasuaji, utumbo mwembamba huanza kujikunjakunja ndani ya siku moja, tumbo la chakula ndani ya siku moja au mbili, na utumbo mpana ndio mvivu wa mwisho, siku mbili au tatu na zaidi. Dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni humzidishia uvivu, na vivyo hivyo maji mengi ya dripu. Henrik Kehlet na wenzake katika hospitali ya Hvidovre, Denmark, walichapisha mwaka 1995 habari za wazee wachache waliokatwa utumbo kwa kamera ndogo, wakapozwa maumivu kwa dawa ya uti wa mgongo, wakalishwa mapema na kusimamishwa mapema. Wengi walirudi nyumbani baada ya siku 2. Kutoka hapo, mwaka 2001, likaundwa kundi la wapasuaji wa Ulaya lililounganisha mbinu hizo kuwa mpango mmoja ambao sasa unafuatwa katika nchi nyingi: mgonjwa asikae na njaa ndefu kabla, anywe na ale mapema baada, atembee, na afyuni ipunguzwe.

Hapa watu hupenda kusema kwamba India ilijua yote tangu zamani. Sikubaliani nao, na nadhani sifa ya namna hiyo inaidhulumu ayurveda. Mzee wa leo hafi kwa kukosa subira ya lishe. Huporomoka kwa sababu misuli yake huyeyuka haraka akilala kitandani, na ngazi za uji mwepesi, zikirefushwa, humnyima protini anayoihitaji kuliko kijana. Mwaka mzima wa maziwa na nafaka bila chumvi ungemuumiza, hasa aliyefungiwa mfuko wa choo kwenye utumbo mwembamba, ambaye hupoteza maji na chumvi kila saa. Ayurveda ilipopatia ni kwenye kuanza na kidogo na kupanda kwa kumtazama mgonjwa mwenyewe: njaa yake, ulimi wake, hewa yake, usingizi wake. Choroko nayo, tofauti na maji matupu ya mchele, ina protini.

Kuna mengine ambayo mlezi wa mzee lazima ayajue kabla hajafungua kabati la dawa. Mafuta au dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, ambayo ayurveda huiheshimu sana kama tiba ya vata, inaweza kupasua utumbo ulioungwa juzi, na isiguswe bila ruhusa ya mpasuaji. Maganda ya isabgoli, yanayonywewa kulainisha choo, hufura yakikutana na maji, na kwenye utumbo uliosinyaa penye mshono yanaweza kuziba njia. Majani ya sana yanaharisha kwa nguvu ileile ambayo Sushruta aliwakataza wazee. Na mwaka 2004 watafiti wa Boston walipima dawa 70 za ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani eneo hilo; 14 zilikutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, na figo za mtu wa miaka 75 hazina uwezo wa kubeba mzigo huo.

Mabishano yanaendelea. Novemba 2020 serikali ya India iliwaruhusu vaidya waliosomea upasuaji kwa shahada ya uzamili kufanya aina 58 za upasuaji, na tarehe 11 Desemba madaktari wa tiba ya kisasa wakagoma nchi nzima. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaanzisha kituo chake cha tiba asili Jamnagar, katika Kathiawar ileile walikotoka wengi wa wafanyabiashara wa mwambao wetu. Tafiti za ayurveda kuhusu wagonjwa wa utumbo ni chache na nyingi ni ndogo. Ningependa kituo hicho kilichukue bakuli la Ba kama lilivyo: kundi moja la wazee waliokatwa utumbo mpana wapewe chakula cha kawaida cha wodi kinachotolewa mapema, kundi jingine wapewe supu ya choroko na mashendea kwa ngazi, protini ikilinganishwa sawa. Iandikwe saa ya hewa ya kwanza, siku ya choo cha kwanza, uzito wa kila wiki, na nguvu ya kiganja wakiambiwa washike na kubana.