Saburi

Neno hili, ndugu wa “subira” kwa asili ya Kiarabu, limo katika Zaburi ya 40 ya Biblia ya Kiswahili ya 1952. Wengi hulisikia kama amri ya kunyamaza: usilie, Mungu yupo. Naumia mwanamke anayetafuta mtoto anapoambiwa hivyo. Anayengoja kwa saburi huruhusiwa kulia. Mwenye Zaburi ya 13 humuuliza Mungu mara nne atakawia mpaka lini, na bado anamtumaini. Na Hana, mke wa Elkana, naye akitafuta mtoto? Alilia hata asile, akaomba midomo ikicheza bila sauti, kuhani Eli akamdhania mlevi. Alipokwisha kummiminia Bwana uchungu wake alikwenda akala, uso ukakunjuka, na mimba bado hajaishika.